Gitaa Lilipanda Mara Mbili

Shangazi yangu ni fundi wa makochi, na kabla hujauliza, ndiyo, fremu anabeba mwenyewe. Mpelekee sofa lako lililobonyea, atalivua kitambaa, atakwambia bila haya ni nani nyumbani kwako anakaa upande gani na ana kilo kiasi gani, halafu atawasha redio kaseti. Hapo ndipo wateja wengi hukumbuka kwamba wameacha kitu jikoni.

Kinachotoka kwenye redio ile ni Radi Kavu, na Radi Kavu si bendi ya kumwekea mtu aliyekuja kuchagua rangi ya kitambaa. Ni magitaa matatu yanayogombana, drami zinazopigwa kwa hasira, na mwimbaji waliyempachika jina la Koo la Chuma, au Koo tu, ambaye enzi zake alikuwa akipiga ukelele mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Mimi sipendi. Nasema mapema ili usije ukadhani naandika haya kwa ushabiki. Nina pikapu, nampelekea shangazi makochi kwa wateja wake, na kelele hizo nazipokea kama sehemu ya ajira.

Anavyofanya kazi ni hivi. Anajaza misumari midogo mdomoni, anausukuma mmoja mmoja kwa ulimi hadi kwenye ncha ya midomo, anauchukua, anaugonga. Nyundo inafuata drami. Wimbo wa haraka ni wa sehemu ya kukalia, wimbo wa wastani ni wa mgongo, na mikono ya kochi ina albamu yake maalumu, ile ya pili, ambayo mtu akithubutu kuizima katikati ya kazi ataongeleshwa kwa ishara tu, maana mdomo umejaa chuma, lakini ishara zenyewe zinaeleweka.

Ungedhani mtu wa namna hiyo ana sifa tupu kwa bendi yake. Thubutu! Sijawahi kumsikia mtu akiiponda Radi Kavu kama shangazi. Kwake historia ya dunia imegawanyika sehemu mbili, Kabla ya Kinanda na Baada ya Kinanda. Kabla ya Kinanda kuna albamu tatu ambazo hazina kosa. Kisha wakamleta yule kijana wa kinanda, aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na tangu hapo, anasema shangazi, wamekuwa wakitengeneza muziki wa kungojea lifti. Albamu ya tano aliinunua, akaisikiliza mara moja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Ya sita akainunua pia. Ya saba hivyo hivyo. Nikimuuliza kwa nini ananunua vitu asivyovipenda, ananiangalia kwa huruma.

"Mwanangu, ndugu yako akiharibikiwa unaacha kumtembelea?"

"Sasa mbona unamsema kila siku?"

"Kwa sababu ni ndugu."

Na kulikuwa na lalamiko kubwa kuliko yote. Kuna wimbo wa albamu ya kwanza unaitwa "Fungua Dirisha", kwake ndio wimbo wa nyimbo zote. Beti linaisha, gitaa linapanda ngazi kwa kasi, halafu watu wote wanalipuka na kiitikio. Shangazi alishakwenda kuwatazama jukwaani mara kadhaa, na kila mara, aliniapia, walikuwa wanauharibu. Gitaa linapanda, sawa, lakini badala ya kuingia kwenye kiitikio linarudi chini na kupanda tena. "Kujionyesha tu! Wanaburuta wimbo mzuri ili yule wa gitaa apigiwe makofi." Hata toleo jipya la albamu hiyo lilipokuja kuuzwa madukani alilikuta limeharibiwa vilevile. Alirudi nyumbani amenuna, akasema wameanza kuibia hata ujana wao wenyewe.

Mtu pekee aliyeweza kubishana naye juu ya mambo haya alikuwa msusi wa jirani. Karakana na saluni zinatenganishwa na ukuta wa mbao, na kwa miaka mingi wanawake hawa wawili wameupigia kelele ukuta ule kuliko nilivyowahi kuona watu wakizungumza ana kwa ana. Walijuana wakiwa wasichana, mbele ya redio moja, na tangu hapo wamekuwa chanda na pete. Msusi anapenda kila kitu ambacho Radi Kavu wamewahi kukigusa. Anapenda kinanda. Anapenda hata miwani. Shangazi akiponda upande huu, msusi anatetea upande ule, na mteja aliyekaa katikati na nywele nusu anachagua kambi.

Kisha ikatoka albamu mpya. Kwenye jalada lake wazee wote wamekaa kwenye benchi, na wimbo wa mwisho, "Polepole", una gitaa moja tu na Koo, ambaye haimbi, anaongea kama mtu anayetafuta miwani yake gizani. Msusi aliuweka saluni asubuhi moja akamwita shangazi aje ausikilize. Mimi nilikuwepo, nimeshika mguu wa kiti cha mteja. Wimbo ulipoisha msusi alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono, kitana kingali kidoleni.

"Eh?" akasema. "Eh, mwenzangu?"

"Hiki ni nini?" shangazi akauliza. "Sauti imekwisha! Mtu akishindwa kazi yake akae nyumbani, asitutie aibu."

Msusi akageuka. "Umesemaje?"

"Nimesema akae nyumbani."

Msusi akakiweka kitana mezani taratibu. "Sawa. Nimekusikia," akasema, akamwomba mteja arudi kesho amalizie kichwa, akafunga mlango. Kichwa kile kilikuwa kimesukwa upande mmoja tu, na mwenye nacho alitoka amejifunika kanga ya mtu mwingine.

Shangazi aliichukulia kuwa hasira ya shabiki. "Itamtoka," akasema. Haikumtoka. Siku zikapita, ukuta ukawa kimya. Ndipo msusi akaniita siku moja nikiwa napakia sofa, akanionyesha vidole vyake. Viungo vilikuwa vimevimba, kile cha kati hakikunjiki kabisa. Daktari alikuwa amemwambia aache kusuka. Siku ile ya "Polepole" alikuwa amepanga kumwambia shangazi habari hiyo wimbo ukiisha. Sasa alikuwa anafunga saluni. Mwisho wa mwezi angehamia kwa mwanawe, mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima.

"Usimwambie shangazi yako," akasema.

"Siwezi, Mama. Siri yako iko salama."

Nilitembea hatua chache hadi karakana nikamwambia shangazi kila kitu. Siri kwangu haikai, na nyingine hazistahili kukaa.

Alitema misumari yote kwenye kiganja. Akakaa juu ya kochi lisilo na sponji, kwenye springi tupu, ambalo si jambo la kumfurahisha mtu.

"Mimi nilimsema Koo."

"Najua."

"Sikumsema yeye."

"Basi nenda ukamwambie."

"Nikamwambie nini? Kwamba wimbo ni mzuri?" Akaikunja mikono. "Atajua nadanganya. Maisha yetu yote tumegombana juu ya bendi hii, na sijawahi kumdanganya hata mara moja. Nikianza leo, si ataona namwonea huruma? Huyo atakwenda kwa mwanawe akijua namwonea huruma."

Nilimwambia ana kichwa kigumu. Akaniambia nirudishe pikapu yangu nyuma kidogo, inaziba mwanga. Lakini alikuwa na hoja, na iliniuma. Rafiki yake alikuwa anaondoka, na kitu pekee ambacho kingemaliza ugomvi kilikuwa ni kusema uongo kuhusu kitu pekee ambacho hawakuwahi kudanganyana juu yake.

Wiki zile hakuwasha redio. Nyundo ikapoteza mwendo; sofa la mwalimu mmoja likatoka na vifungo vilivyopinda kama meno ya mtoto, na alipokuja kulichukua shangazi akamwambia ndiyo mtindo wa sasa.

Halafu yakabandikwa matangazo mjini. Radi Kavu, ukumbi mkubwa, Jumamosi alasiri. Alasiri! Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Bendi ambayo zamani ilianza kupiga watu wazima wakiwa wamelala, sasa inataka kuwahi chakula cha jioni. Alikuwa ameapa kutokwenda kuwaona tena. Jumamosi ile nilimkuta mlangoni amevaa koti la jinzi, kola imesimama.

"Nakwenda kuhakikisha tu," akasema, akapanda pikapu.

Ukumbi ulijaa watu wa rika lao. Fulana nyeusi za zamani ziligoma kufika kitovuni. Watu waliulizana habari za magoti. Msusi alikuwa safu tatu mbele yetu, peke yake, na shangazi alipomwona alianza kusoma kwa makini bango la mlango wa dharura. Nilimsukuma kwa kiwiko. Hakusogea.

Bendi ikatoka. Koo alipelekwa hadi kwenye kiti cha kuegemea katikati ya jukwaa, akaketi, akainua mkono.

"Wamemkalisha," shangazi akaninong'oneza, na sauti yake haikuwa ya kuponda. Kisha akajirudi. "Na kiti chenyewe, hebu kione. Sponji limelala upande mmoja. Nani kawashonea?"

Walianza na zile za Kabla ya Kinanda. Nitakuwa mkweli: mguu wa shangazi ulianza kugonga sakafu, kisha kidole kikaanza kugonga goti, na kufikia wimbo wa tatu alikuwa anagongelea misumari ambayo haipo. Alikuwa anafurahi na kukasirika kwa pamoja. "Haraka mno," alisema. "Hapo sawa. Hapo wamekosea. Aaa, hapo sawa!"

Ndipo ikaja "Fungua Dirisha". Beti likaisha, gitaa likapanda, na ukumbi mzima, mamia ya watu pamoja na shangazi yangu, ukalipuka na kiitikio. Jukwaani gitaa lilikuwa ndiyo kwanza linarudi chini lipande mara ya pili. Sauti ya watu na sauti ya bendi zikagongana vibaya. Mpiga drami akajaribu kuwafuata watu, wa gitaa akajaribu kumfuata mpiga drami, wa kinanda akavua miwani. Kila kitu kikaporomoka.

"Umeona?" shangazi akanipigia kelele sikioni. "Umeona wanavyoburuta?"

Koo akainua mkono. Ukumbi ukatulia.

"Jamani," akasema kwenye maiki, "mji huu una nini? Kila tukija hapa tunasikia kitu hakiendi. Zamani nilikuwa naruka huku na huku, sikujua ni nini. Leo nimekaa, nasikia vizuri. Ninyi mnaniwahi! Miji yote wanaingia gitaa likipanda mara mbili. Hapa tu mnaingia mara ya kwanza. Nani aliwafundisha?"

Watu wakacheka, wakatazamana. Mimi nilimtazama shangazi. Alikuwa ameacha mdomo wazi, na kule mbele msusi alikuwa ameshika shavu.

Hadithi yenyewe ni fupi. Walipokuwa wasichana, kanda za Radi Kavu hazikufika mji huu. Shangazi aliurekodi wimbo ule kutoka redioni, mara moja tu aliyobahatika. Kesho yake redio kaseti ikaitafuna kanda, utepe ukatoka umekunjamana kama tambi. Msusi akachukua mkasi wa nywele, akakata kile kipande kilichoharibika. Shangazi akaunganisha ncha mbili kwa gamu ya karatasi. Kanda ikaimba tena. Wakashukuru, wakasahau. Na kwa kuwa ndiyo kanda pekee iliyokuwepo, kila aliyeutaka wimbo huo aliukopi kutoka kwao, na wengine wakakopi kutoka kwa hao, mpaka mji mzima ukaujua wimbo usio na ngazi ya pili. Kipande kile kidogo cha utepe, kilichofagiliwa pamoja na nywele, ndicho lalamiko kubwa la maisha ya shangazi.

Msusi akasimama. Aliinua mkono wake wenye vidole vilivyovimba.

"Ni mimi," akasema. "Nilikata kanda kwa mkasi."

Shangazi naye akainuka, kola juu.

"Asijitwishe peke yake. Mimi ndiye niliyeunga. Na mimi ndiye niliyewagawia hawa wote." "Na miaka yote hii nimekuwa nikiwatukana ninyi."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Koo alicheka mpaka akaletewa maji. Msusi aligeuka nyuma, macho yao yakakutana kwa mara ya kwanza tangu siku ya kitana, na wote wawili wakacheka huku wakijaribu kutocheka. Kisha Koo akawaambia wenzake leo watapiga ya mji huu. Wakaipiga. Sasa ni bendi ndiyo iliyokosea, mara mbili, mpiga drami akijisahau na kwenda na ngazi ya pili peke yake, na watu wakimzomea kwa furaha. Mimi, ambaye sipendi muziki huu, nilijikuta nimesimama juu ya kiti.

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Lakini wakaja na "Polepole". Taa zikapunguzwa, gitaa moja, na yule mzee kwenye kiti chenye sponji bovu akaanza kuongea na maiki. Sauti ilikatika, akaisubiri irudi, akaendelea. Msusi hakuimba. Alijaribu kupiga makofi ya polepole na wengine, viganja vikakutana vibaya, akaviweka mapajani, akakaa tu akisikiliza. Shangazi hakumtazama Koo hata kidogo. Muda wote alikuwa anatazama ile mikono mapajani.

"Bado ni mbaya," akanong'ona wimbo ulipoisha. Alikuwa analia.

Tulipotoka jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Msusi alisimama kwenye ngazi za ukumbi, koti lake liko wazi, upepo unalipeperusha. Shangazi alikwenda moja kwa moja mbele yake. Mimi nilikaa karibu vya kutosha kusikia, maana nani angenisimulia?

"Haya," msusi akasema. "Umemsikia akiuimba mwenyewe. Umeupenda?"

Shangazi alikunja uso, akaukunjua.

"Hapana. Siupendi. Sitaupenda."

Msusi akatikisa kichwa kidogo, kama aliyetarajia.

"Lakini asikae nyumbani," shangazi akasema. "Nilikosea. Sikuwa najua ninamsema nani. Hata sauti ikikatika, hata akiimba neno moja kwa siku, asikae nyumbani. Nitakuja. Nitanung'unika kuanzia mwanzo mpaka mwisho, lakini nitakuja."

"Mpwa wako ana mdomo mrefu," msusi akasema, akinitazama.

"Namshukuru Mungu kwa mdomo huo."

Msusi alitaka kufunga koti. Kidole cha kati kilikataa, kifungo kikateleza, akajaribu tena, kikateleza. Shangazi akamwondoa mikono, akaanza kumfungia, kuanzia chini, akimlaumu kwa sauti mtu aliyevishona vifungo vile. Msusi alimwacha. Alisimama wima, kidevu juu, kama mteja kwenye kiti chake mwenyewe.

"Mwambie mwanao aweke kitanda cha pili," shangazi akasema alipofika kifungo cha shingoni. "Na wimbo huo sitaki kuusikia humo ndani."

"Nitaupiga kila asubuhi."

"Najua," shangazi akasema, na hakuiachia kola.